Hesabu ya Mikono katika Nyumba za Kutunzia Wazee

Marekani ina nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa wasiojiweza zipatazo 15,000, na ndani yake wanaishi watu wapatao 1,200,000, aghalabu wazee waliokwisha kupooza, au kupotewa na kumbukumbu, au kudhoofika kiasi cha kutoweza kuinuka kitandani, kujilisha wala kujitawadha bila ya kushikwa mkono na mtu mwingine. Juu ya nyumba hizi yamesemwa mengi kwa muda wa miaka hamsini na zaidi: ripoti zimeandikwa, mabaraza yameketi, sheria zimetungwa, na magazeti yamechapisha visa vya wazee waliokutwa na vidonda vilivyofika mfupani. Lakini kila anayelichungua suala hili kwa makini, awe tabibu, mwanasheria, mtaalamu wa iktisadi au mtoto aliyempeleka mama yake huko, mwishowe hufika katika swali moja lisilokwepeka: katika mchana na usiku mmoja, ni saa ngapi za kazi ya mwanadamu zinazomfikia kila mzee? Dai langu katika makala haya ni kwamba mpaka jibu la swali hilo litakapoandikwa kwa tarakimu ndani ya sheria, likalipiwa, na fedha zake zikafuatwa hadi mahali zinapoishia, ihsani ya watumishi, ukali wa wakaguzi na uzuri wa majengo havitawafaa wazee hao ila kidogo sana.

Na tuitazame kazi yenyewe kwanza, maana wengi wanaoijadili hawajapata kuiona. Siku hugawanywa kwa kawaida zamu tatu: ya kwanza huanza saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, ya pili hutoka hapo mpaka saa tano usiku, na ya tatu hukesha hadi kunapokucha. Anayeubeba uzito wa kazi si daktari, ambaye hupita kwa nadra, wala si muuguzi aliyesajiliwa, ambaye hushughulika na dawa, sindano, vidonda na maandishi. Ni muuguzi msaidizi, ambaye sheria ya taifa humtaka awe amefunzwa kwa muda usiopungua saa 75. Tuchukue muuguzi msaidizi mmoja wa zamu ya asubuhi aliyekabidhiwa wazee kumi na wawili, mzigo ambao katika nyumba nyingi si wa ajabu. Zamu yake ina dakika 480. Zikigawanywa sawasawa kila mzee hupata dakika 40, na hapo hatujaondoa muda wa mtumishi mwenyewe kula, wa kuandika taarifa, wa kutafuta shuka safi, wala wa kuitikia kengele. Katika dakika hizo amwamshe mzee, amwondolee nepi iliyolowa usiku, amsafishe kwa maji ya uvuguvugu, ampake mafuta visiginoni na matakoni ambako ngozi huanza kuchubuka, amvishe nguo, amwoshe meno ya bandia, amhamishe kutoka kitandani hadi katika kiti cha magurudumu, amfikishe mezani, amlishe, amrudishe, ampeleke msalani, na yule asiyeweza kujigeuza amgeuze kila baada ya saa mbili.

Mzee aliyepooza upande mmoja hanyanyuliwi na mtu mmoja. Hutiwa katika mkanda wa mashine ya kunyanyulia, na mashine hiyo, kwa ajili ya usalama wake na wa watumishi, sharti ishikwe na watu wawili. Basi dakika kumi za mzee mmoja huwa ni dakika ishirini za kazi, na wakati huo kengele za vyumba vingine hulia bila ya mwitikaji. Aliyelegea koo kwa kiharusi hulishwa kijiko kwa kijiko, na baada ya kila tonge mlishaji hungoja mpaka aone limemezwa, la sivyo chakula huteremka mapafuni na kuleta kichomi. Mlo mmoja wa namna hiyo huweza kula nusu saa. Wakiwapo watatu wa hali hii kati ya wale kumi na wawili, saa moja na nusu imekwisha kwa chakula cha asubuhi peke yake, ilhali tisa waliobaki nao wana njaa, na haja, na maumivu yao. Hakuna muuguzi msaidizi mwenye insafu anayependa kumwacha mtu mzima ameketi katika mkojo wake. Ila anapobanwa na saa hulazimika kuchagua, naye huacha yale ambayo ukosefu wake hauonekani siku ile ile: kumtembeza mzee ukumbini ili miguu isikakamae, kumnywesha maji bilauri baada ya bilauri, kumgeuza ubavu, kukaa naye dakika tano amsikilize. Mwezi mmoja baadaye miguu imekakamaa, mwili umekauka maji, na kidonda kimefumbuka juu ya kitako. Na katika faili la hospitali jambo hilo huandikwa kuwa ni maradhi.

Upungufu huu huzaa pia idhilali ya namna nyingine isiyotoa damu. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu huhangaika, hupiga kelele, huinuka usiku akitafuta mlango wa nyumba aliyoihama miaka arobaini iliyopita, na dawa ya mahangaiko hayo ni mtu wa kumshika mkono na kusema naye kwa upole. Mahali ambapo mtu huyo hayupo hutumiwa vidonge. Mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wake na kukadiria kwamba katika nyumba hizo kila wiki watu zaidi ya 179,000 walikuwa wakipewa dawa za wagonjwa wa akili bila ya kuwa na ugonjwa ambao dawa hizo ziliidhinishwa kuutibu. Binadamu aliyelea watoto, akajenga, akalipa kodi maisha yake yote, hunyamazishwa kwa kemikali kwa kuwa zamu ya usiku ina mtu mmoja penye haja ya watatu. Sijui jina la jambo hilo katika lugha ya uhasibu. Katika lugha ya murua ni dhuluma.

Sheria ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya mambo haya ilipitishwa na Kongresi mwaka 1987. Medicare na Medicaid, mifuko miwili ya umma ya kulipia tiba, ilikuwa imekwisha anzishwa mwaka 1965, na fedha zake ziliwavuta wafanyabiashara wengi katika kazi ya kutunza wazee. Dhuluma ikaenea kiasi kwamba mwaka 1975 Elma Holder na wenzake waliunda muungano wa raia wa kudai marekebisho, na mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ikatoa ripoti kubwa iliyoeleza jinsi wazee walivyokuwa wakifungwa kamba vitini na kuachwa. Sheria iliyofuata ilikuwa na mema mengi. Ilikataza kufungwa kwa wazee pasipo sababu ya tiba, iliwapa haki ya staha na ya kusema, iliruhusu aila zao kuunda mabaraza. Lakini katika suala la watumishi ilitaka tu kuwepo muuguzi aliyesajiliwa kwa saa nane kila siku, muuguzi mwenye leseni wakati wote, na jumla ya wauguzi wanaotosha mahitaji ya wakazi. Wanaotosha kwa kiasi gani, haikusema. Nyumba ya wazee 40 na nyumba ya wazee 240 zilidaiwa saa nane zile zile za muuguzi aliyesajiliwa, na juu ya wauguzi wasaidizi, ambao ndio mikono na miguu ya nyumba, haikuwekwa tarakimu yoyote. Ni sawa na soko lililoamriwa kuuza kwa haki bila ya kupewa mawe ya mizani.

Tarakimu ilipatikana baadaye, lakini si katika sheria. Mwaka 2001 serikali ilipokea utafiti mrefu iliouagiza yenyewe, nao ulionyesha kwamba wazee wanaokaa muda mrefu hupata madhara yanayoepukika iwapo jumla ya saa za uuguzi zinashuka chini ya 4.1 kwa kila mkazi kwa siku, yaani saa nne na dakika sita, na kati ya hizo saa 2.8 ziwe za wauguzi wasaidizi. Wataalamu kama Charlene Harrington wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliishika hesabu hiyo na kuirudia mbele ya kila baraza lililokubali kuwasikiliza. Kwa insafu nitaje kwamba utafiti mwingine wa serikali, uliotolewa mwaka 2023, haukuona kizingiti kimoja ambacho juu yake kila kitu ni salama. Uliona kwamba kadiri saa zinavyoongezeka ndivyo hali inavyotengemaa. Wapinzani wa kiwango cha lazima walidai kwamba hiyo ni hoja ya kutoweka kiwango. Mimi naiona ni hoja ya kuweka kiwango na kukipandisha kila iwezekanapo, maana hakuna mahali ambapo uchunguzi huo ulisema upungufu hauna madhara.

Kwa miaka mingi hata hesabu ya waliopo kazini haikuaminika, kwa sababu wenye nyumba waliitoa wenyewe, tena kwa majuma mawili tu ya karibu na ukaguzi. Tangu mwaka 2016 wanalazimika kupeleka serikalini takwimu zinazotokana na orodha ya mishahara, siku kwa siku, na pazia lilipofunuliwa ilidhihirika kwamba siku za Jumamosi na Jumapili wauguzi hupungua sana katika nyumba nyingi. Mzee hana Jumapili katika kuhitaji maji, wala kidonda hakipumziki mwisho wa juma.

Kisha ukaja uviko. Dunia ilisikia kwanza habari za Kirkland, katika jimbo la Washington, mwezi wa Februari 2020, ambako nyumba moja ya wazee ilishambuliwa na maradhi yale kabla nchi haijafahamu lililoifika. Na hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 wakazi na watumishi zaidi ya 200,000 wa nyumba za utunzaji wa muda mrefu walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa huo Marekani. Haikuwa ajali tupu. Watafiti waliozichunguza nyumba za jimbo la Connecticut mwaka 2020 waliona kwamba, katika nyumba ambazo maradhi yalikwisha ingia, kila dakika 20 zaidi za muuguzi aliyesajiliwa kwa mkazi kwa siku zilifuatana na wagonjwa pungufu kwa asilimia 22, na, katika nyumba zilizokwisha fikwa na kifo, vifo pungufu kwa asilimia 26. Muuguzi aliyesajiliwa ndiye ajuaye kutambua homa inayoanza, kumtenga mgonjwa, kuwaelekeza wenzake namna ya kuvaa na kuvua vifaa. Pale alipokuwapo kwa dakika chache tu, maradhi yalikuta mlango wazi.

Msiba huo ndio uliomsukuma Rais Biden kutangaza mwaka 2022 kwamba kiwango cha taifa kitawekwa, na mwezi wa Aprili 2024 kanuni ikatoka: saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, kati ya hizo 0.55 ziwe za muuguzi aliyesajiliwa na 2.45 za wauguzi wasaidizi, tena muuguzi aliyesajiliwa awepo mchana na usiku. Tukizigeuza kuwa dakika, ni dakika 33 za muuguzi aliyesajiliwa na saa mbili na dakika 27 za msaidizi, kwa mtu asiyeweza kujifanyia lolote. Kiwango hicho kilikuwa chini ya kile cha mwaka 2001, na watetezi wa wazee walikilalamikia kwa uchache wake. Hata hivyo ilikadiriwa kwamba ni kama nyumba moja tu kati ya tano iliyokuwa ikikitimiza kikamilifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikisia kwamba kingeokoa maisha ya watu 13,000 hivi kila mwaka.

Hakikupata kutekelezwa. Chama cha wenye nyumba kilikwenda mahakamani, na tarehe 7 Aprili 2025 Jaji Matthew Kacsmaryk wa Texas aliifuta sehemu kuu ya kanuni. Jaji mwingine, huko Iowa, aliamua vivyo hivyo mwezi wa Juni. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba Kongresi yenyewe ilikwisha sema saa nane na idadi inayotosha, na kwa hiyo idara ya serikali haina mamlaka ya kudai zaidi. Mwezi wa Julai Kongresi ikapitisha sheria ya bajeti iliyozuia kanuni hiyo isitekelezwe hadi mwisho wa Septemba 2034, muda ambao wengi wa wazee waliomo leo hawataumaliza. Nayatazama matukio haya kwa huzuni, lakini nakiri kwamba yameonyesha njia iliyo sahihi: iwapo udhaifu wa kanuni ulikuwa ni kutoka kwa idara badala ya kutoka kwa watunga sheria, basi madai yapelekwe kwa watunga sheria, wabadili maneno yao ya mwaka 1987 na kuyatia tarakimu.

Wenye nyumba wana hoja mbili, na zote zastahili kujibiwa kwa utulivu. Ya kwanza ni kwamba watu hawapatikani, hasa mashambani. Ni kweli kwamba hawakai. Watafiti waliotumia takwimu za mishahara za miaka ya 2017 na 2018 walikuta kwamba wauguzi wa nyumba hizi waliondoka na kubadilishwa kwa wastani wa asilimia 128 kwa mwaka, yaani kwa hesabu ya wastani nyumba ilibadili kundi lake lote la wauguzi kabla ya mwaka kwisha, ikaanza tena na wengine. Lakini mtu huondoka kwa sababu. Ujira ni mdogo, migongo huumia kwa kunyanyua, na anayebaki hubebeshwa wazee wa aliyeondoka, hata naye achoke aondoke. Upungufu hujizalia upungufu mwingine. Wanaolijua jambo hili kwa viungo vya miili yao ni wengi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa takriban mmoja kati ya watumishi watano wa aina hii Marekani amezaliwa nchi nyingine, na huko Lowell ya Massachusetts, Minneapolis, Seattle, Dallas na miji mingine, Wakenya, Watanzania na Wakongo wameingia kazi hii kwa maelfu. Mtu hufanya zamu ya asubuhi nyumba hii, huunganisha na ya jioni nyumba ile, hulala saa nne, kisha hutuma nyumbani karo za wadogo zake na dawa ya presha ya mama. Wengi hufanya kazi hiyo kwa moyo wa heshima kwa mzee waliolelewa nao. Taifa linalowategemea hivyo haliwezi kusema halina watu, ilhali linawapa mzigo wa watu wawili kwa ujira wa mmoja, na kuwawekea wageni vikwazo vya vibali.

Hoja ya pili ni fedha, nayo ndiyo nzito zaidi. Serikali ilikadiria kwamba kanuni ya mwaka 2024 ingegharimu dola bilioni 43 kwa muda wa miaka kumi. Medicaid huwalipia zaidi ya nusu ya wakazi, na wenye nyumba hulalamika kwamba malipo yake hayafiki gharama halisi, na kwamba nyumba za vijijini zitafungwa. Sikatai kwamba yapo majimbo yanayolipa kidogo mno, na wala sidai kiwango bila ya malipo yake. Anayetunga sheria ya namna hiyo huwadanganya wazee na watumishi pamoja. Lakini kabla ya kukubali kwamba fedha hazipo, yafaa kuuliza zilizopo huenda wapi. Nyumba saba kati ya kumi huendeshwa kwa faida, na mwenye nyumba mara nyingi huwa na makampuni mengine yaliyo yake au ya jamaa zake: moja linamiliki jengo na kutoza kodi, jingine linatoza ada ya usimamizi, la tatu linauza huduma za tiba ya viungo. Nyumba ikilipa kodi kubwa kupita kiasi kwa kampuni ndugu, vitabu vyake vitaonyesha hasara, na faida itaonekana kwingine au haitaonekana kabisa. Wataalamu wawili wa iktisadi waliozichambua hesabu za jimbo la Illinois walitoa makadirio mwaka 2024 kwamba asilimia 63 ya faida ya nyumba za huko ilifichwa kwa njia hiyo. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika nyumba zilizonunuliwa na makampuni ya uwekezaji binafsi, wagonjwa wa Medicare wa muda mfupi walifariki zaidi kwa karibu asilimia 10 ndani ya siku 90, na saa za wauguzi wa mstari wa mbele zilipungua. Fedha za umma ziliingia kwa mlango wa mbele kwa jina la mzee, zikatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo tarakimu ya saa haina budi kuandamana na tarakimu ya fedha. Jimbo la New York lilifahamu hivyo mwaka 2021: pamoja na kuagiza saa 3.5 za uuguzi kwa siku, liliamuru asilimia 70 ya mapato itumike kwa utunzaji wa moja kwa moja wa wakazi. New Jersey, mwaka mmoja kabla, ilichagua njia nyingine, ya kuhesabu wazee kwa kila msaidizi: wanane mchana, kumi jioni, kumi na wanne usiku, hesabu ambayo ikijumlishwa humpa kila mzee kama saa mbili na dakika 22. Njia hii ina fadhila ya kufahamika na mtu yeyote aliye mlangoni. Florida, kinyume chake, mwaka 2022 iliteremsha saa za wauguzi wasaidizi kutoka 2.5 hadi 2.0, tukio linaloonyesha kwamba lililoandikwa na baraza la jimbo moja laweza kufutwa na lile lile, na kwa nini ulinzi wa taifa zima ungali unahitajika.

Na ulinzi wa namna hiyo si muhali. Australia, baada ya Tume ya Kifalme iliyofanya kazi tangu 2018 hadi 2021 na kuanika mambo ya aibu, iliagiza muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote tangu Julai 2023, kisha dakika 200 za utunzaji kwa kila mkazi kwa siku tangu Oktoba mwaka huo, zikapandishwa kuwa 215 mwaka uliofuata, 44 kati yake zikiwa za muuguzi aliyesajiliwa. Nyumba nyingi hazikufikia kiwango papo hapo, na baadhi zingali nyuma. Lakini serikali iliongeza malipo, ikalipia sehemu kubwa ya nyongeza ya mishahara ya watumishi hao, na hutangaza hadharani dakika za kila nyumba. Mpangilio huo, wa kiwango, malipo na uwazi kwa pamoja, ndio ninaoutetea.

Hadi Kongresi ibadili nia, kazi ipo katika majimbo, na zipo silaha ambazo aila chache huzitumia. Kila nyumba hulazimika kubandika kila siku mahali pa wazi hesabu ya wauguzi wa kila zamu pamoja na idadi ya wakazi. Karatasi hiyo mara nyingi iko karibu na mlango, na wageni huipita. Mwana anayekwenda kumwona baba yake aisome, agawanye saa kwa wazee, ainakili, na arudi kuisoma Jumapili usiku. Wanaofanya hivyo katika nyumba moja wana haki kisheria ya kuketi pamoja kama baraza la aila, na uongozi unalazimika kuwasikiliza na kuwajibu. Kila jimbo lina msuluhishi wa umma wa wakazi wa nyumba hizi, ambaye hupokea malalamiko bila ya malipo. Muuguzi msaidizi naye, hasa mgeni anayeogopa kupoteza kazi, husema kwa usalama zaidi akiwa ndani ya chama cha wafanyakazi kuliko akiwa peke yake, na ushahidi wake wa zamu aliyoifanya na wazee kumi na wanane una nguvu mbele ya kamati ya baraza la jimbo kuliko hotuba yoyote. Karatasi za miezi mitatu zikiwekwa mezani kando ya takwimu za mishahara ambazo serikali huzitangaza, na kando ya hesabu za makampuni ndugu ambazo jimbo lina uwezo wa kuzidai kabla ya kupandisha malipo ya Medicaid, mjumbe wa kamati atakuwa na yote anayoyahitaji ili kuandika katika mswada ni dakika ngapi, za nani, na kwa fedha ipi.